Picha Yenye Miguu Yangu

Wiki iliyopita nilishuka Arusha mjini kutafuta miwani, nikajikuta nimesimama mbele ya duka la magodoro. Kijana wa pale akanichangamkia: "Shikamoo bibi, karibu. Unatafuta saizi gani?" Nikamwambia sitafuti godoro, natafuta pazia la bahari. Alinitazama kwa huruma. Wewe, rafiki yangu, utanielewa nikikusimulia.

Enzi za Mwingereza duka lile lilikuwa la mpiga picha, mtu wa pwani mwenye kanzu safi na maneno matamu. Ukutani alitundika pazia kubwa lililochorwa bahari na meli. Watu wa bara walikuwa wanajipanga mbele yake, wanatoka kwenye picha kana kwamba wamelala Tanga.

Sisi tulitoka Oldonyo Sambu, upande wa pili wa Mlima Meru, juu ya lori la mfanyabiashara wa ngozi. Mpaka leo nikisikia harufu ya ngozi mbichi moyo wangu unaruka, kama wa wengine unavyoruka kwa pilau. Tulikuwa watatu: mama, mimi, na koko, ndivyo tunavyomwita bibi sisi Waarusha. Safari yenyewe ilikuwa kwa ajili ya baba. Alikwenda Tanga kukata mkonge nikiwa bado tumboni, na hakuwa amerudi. Mama na koko aliwajua. Mimi hakuwahi kuniona, ndiyo maana tukaenda kupigwa picha apelekewe. Nilinyolewa, nikapakwa samli hadi kichwa kikang'aa, nikavishwa gauni la kwanza maishani mwangu. Nilitaka baba anione, basi. Sikutaka kitu kingine duniani.

Koko alipoliona lile pazia aligoma. "Mwanangu atafikiri tumehamia majini," alisema kwa Kimaasai, mama akatafsiri. Alitaka mlima uwe nyuma yetu, mwanawe aukumbuke kwao. Lakini asubuhi ile mlima ulikuwa umejifunika mawingu hadi shingoni. Mpiga picha akacheka. "Basi nendeni mkatembee, mama zangu. Ukijifunua, rudini."

Tukatembea, na kutembea kule sijakuona tena. Tuliutazama mnara wa saa, koko akauliza unamwambia nani saa wakati jua lipo. Tulilitazama Boma la Wajerumani, ambalo sasa lilikuwa la Bwana Shauri, mtawala wa wilaya wa Kiingereza, na askari wake waliovaa kaptula zilizopigwa pasi hadi zikakauka. Koko aliwaonea huruma watu wazima kuvalishwa nguo za watoto. Kwenye baraza za Wahindi vyerehani vililia vyote kwa pamoja, na harufu ya bizari ikatufuata mlango hadi mlango. Mama akanunua sambusa. Koko akauma pembe moja, pilipili ikamkamata, machozi yakamtiririka, akaomba nyingine.

Karibu na soko Mzungu mmoja, kamera shingoni, alizipenda hereni za shanga za koko, akamwelekezea. Koko akajifunika uso kwa shuka. "Anipeleke kwa nani? Kwao nani ananililia?" Mama alicheka hadi akashika ukuta.

Jua lilipoanza kuinama, mlima ukafunguka. Tulirudi mbio. Mpiga picha akaitoa nje kamera yake ya miguu mitatu, akatupanga. Koko alinung'unika kidogo kwamba watu wa mjini wanauona mlima kwa mgongo tu, lakini mlima ni mlima, akaridhika. Akafurahi sana. Na koko akifurahi alibariki, na kwetu mzee hubariki kwa mate. Kabla hatujamzuia alimwendea yule bwana, akamtemea kidogo mikononi, kisha kwenye jicho la kamera.

"Lahaula! Bibi, mbona wanitemea mate?"

"Usikasirike, baba," mama alimwahi. "Amekubariki wewe na kazi yako."

Yule bwana akasema, "Haya, ahsante." Akafuta mikono, akaingia chini ya kitambaa chake cheusi. Mikono aliifuta, jicho la kamera alilisahau. Mimi nilisimama wima, macho nimeyakodoa, nisije nikapepesa baba akanikosa.

Lori lilipokwenda tena mjini, mama akaenda kuichukua picha. Koko alikuwepo, na hereni zake. Mama alikuwepo. Mlima ulikuwepo. Mimi, kuanzia magotini kwenda juu, nilikuwa wingu jeupe, na chini ya wingu vimetokeza vimiguu viwili. Nililia siku nzima, na baraka ile niliichukia kwa moyo wangu wote. Koko alifurahi kabisa. "Imekuangukia wewe," aliniambia. Uwezo wa kupiga nyingine haukuwepo, basi picha ikaenda Tanga hivyo hivyo.

Tulikuwa tunapukuchua mahindi siku alipotokea mwanamume mwembamba mwenye sanduku la bati kichwani. Alimwamkia koko, na kabla ya kuuliza ng'ombe au mvua akasema, "Yuko wapi mwenye miguu?" Alitueleza kwamba picha ile aliisugua kwa kidole, akaipeleka juani, akaigeuza, hakunipata, mwisho akaona heri aje mwenyewe. Akanishika kidevu, akanitazama, akanitazama. Sijatazamwa vile tena na mtu yeyote. Tanga hakurudi.

Sasa wote wamelala, baba, mama na koko, na picha ililiwa na mchwa. Mimi nina wajukuu huko Dar es Salaam, na kila Jumapili wananipigia ile simu ya kuonana. "Bibi, tunakuona vizuri kabisa!" Na kweli wananiona, hadi mikunjo, wakishaniona wameridhika, Krismasi inakuja na kupita. Jumapili hii nikakifunika kile kijicho cha simu kwa kidole gumba.

"Bibi! Mbona hatukuoni?"

"Hamnioni?" nikawaambia. "Basi njooni."