Nyimbo Nane za Mama

Betri iliyoanikwa juani ina harufu yake, harufu ya kutu na uchachu, na ukiisogeza karibu na pua ulimi nao unahisi chumvi. Nyumbani kwetu Kiranjeranje, msimu wa korosho, harufu hiyo ilichanganyika na ya mabibo yaliyopasukia chini ya mikorosho na ya makopa ya muhogo yaliyokuwa yakikauka mkekani. Mama alizipanga betri nne juu ya ungo, mbali na kuku, akawa anazigeuza kama anayeanika dagaa. Jua likihama, naye anahama nazo. Betri ikichoka, jua huirudishia uhai kidogo. Kidogo hicho ndicho tulichokuwa tukikitegemea mwaka ule, na mimi ndiye niliyekimaliza. Leo nina watoto watatu na nywele zimeanza kubadilika rangi, lakini nikikutana na harufu hiyo, hata dukani kwa watu, natoka nje bila kununua kitu.

Mama yangu, Somoe, alikuwa manju. Ndiye aliyetunga nyimbo za ngoma ya wanawake kijijini na ndiye aliyeziongoza. Kabla sijazaliwa, watu wa redio walikuja na gari lililojaa mitambo, wakawekwa kwenye darasa moja la shule, madirisha yakazibwa kwa mikeka na mablanketi ili mbuzi wasiingie kwenye kanda. Mama aliimba nyimbo tisa siku hiyo, tangu asubuhi hadi adhuhuri. Mmoja ulikuwa wa kuwachokoza waume wanaokwenda kuuza korosho: “Ulipeleka korosho, ukarudi na viatu. Unga uko wapi baba, au tukupikie viatu?” Huo ndio uliorushwa, na nchi nzima ikacheka. Ulirushwa tena na tena, mwaka baada ya mwaka. Makondakta wa pale Nangurukuru waliuimba kila walipoona abiria kashuka na kiatu kipya. Baba, ambaye maisha yake yote alivaa kandambili, akapewa jina la Bwana Viatu, na alikuwa akiitika huku anacheka. Alijua kwamba mke akikuimba redioni huna pa kukata rufaa.

Kijijini hakuna aliyeutaja wimbo huo kwa jina. Waliuita “ile”, yaani ngoma ile. Harusi ikifika, wenye shughuli wanakuja asubuhi na mapema: “Dada Somoe, utatupigia ile, eh?” Akiianza nyingine, wapiga ngoma wanamvumilia beti mbili, kisha mikono yao inateleza yenyewe kwenye mdundo wa ile, wanawake wanaitikia ile kwa makofi, naye anabaki mdomo wazi na maneno yake mengine. Mwanzoni alikasirika. Baadaye akawa anaimba ile, anakula pilau, anarudi nyumbani. Watu walimwona ana bahati. Mimi niliyelala naye chumba kimoja nilijua sifa ile ilivyokuwa ikimkaba, kwa sababu nilimsikia akiziimba zile nyingine peke yake, tukiokota korosho: ule wa salfa ya kupulizia mikorosho inayowakohoza wanaume, ule wa mkwe asiyeshiba, ule wa mama anayetembea toka Rondo na mzigo usio wake. Nilizijua saba. Nilikuwa msikilizaji wake pekee, na nilikuwa na miaka tisa.

Wa nane sikuwahi kuusikia. Ulikuwa wa kaka yangu Shabani, aliyefariki kabla sijazaliwa, ana miaka mitatu, kwa homa ya siku mbili. Hatukuwa na picha yake. Mama aliutunga wimbo huo kimyakimya mwaka ule wa msiba, akauimba wa mwisho kabisa mbele ya ile mitambo, mara moja tu. Tangu hapo hakuuweza tena. Kila alipouanza aliuacha njiani, na baada ya miaka kadhaa hata maneno yakaanza kumkimbia. “Nimeuacha kule,” aliniambia siku moja, akionyesha kwa kidevu upande wa Dar es Salaam, kama mtu anayesema kasahau mwavuli kwa watu. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na mzazi huyu alikuwa na tumaini moja: kwamba iko siku watachoka na ile, wataichukua kanda yake na kurusha wimbo mwingine, nao utakuwa huo. Alitaka amsikie mwanawe mara moja tu. Kipindi cha ngoma za asili kilikuwa Jumatano saa kumi alasiri. Siku nyingine zote redio ilifungwa, iwe taarifa ya habari, iwe mpira, na Baba alinung’unika mpaka akazoea.

Basi shuleni kulikuwa na msichana anaitwa Tatu, mdomo mrefu kuliko kimo chake. Aliniambia mbele ya wenzetu kwamba mama yangu ana wimbo mmoja tu, tena hata redio wameshauchoka. Niliumia mno. Jumanne moja ya likizo, Mama alipokwenda shamba la mbali, niliichukua redio, nikaitia betri za kwenye ungo, nikaipeleka mikoroshoni, nikamwita Tatu na wenzake waje wasikie nyimbo nane. Kwa akili yangu ya wakati ule, sauti ya mama yangu ilikuwa humo ndani muda wote, na mtu akizungusha kitasa kwa subira atafika mahali alipo. Nilizungusha asubuhi nzima. Tulipata Kiarabu, tukapata mahubiri, tukapata mtu anasoma bei za mazao, tukapata mvumo mtupu. Mama hakuwapo. Sauti ilipoanza kuwa nyembamba nilizima, nikazirudisha betri kwenye ungo, nikaifuta redio vumbi kwa gauni langu na kuirudisha kabatini kama ilivyokuwa. Tatu aliondoka anacheka, na mimi nililia kwa aibu ya kushindwa, sikujua bado kwamba kuna la kulilia zaidi.

Jumatano Mama alioga mapema na kuvaa khanga safi, kama kila Jumatano. Alizitoa betri kwenye ungo, akazifuta moja moja, akazitia. Baba alikuwa pembeni anatenganisha korosho na mabibo. Mtangazaji alipiga ngoma za huko na huko, kisha akasema, nami maneno yake ninayo mpaka leo: “Sasa twende kusini, Kilwa, kijiji cha Kiranjeranje. Bi Somoe na wenzake, safari hii kwa wimbo ambao hatujawahi kuwarushia.” Baba aliacha kazi. Mama aliweka viganja vyote viwili juu ya redio. Ngoma ikalia mara moja, mbili, halafu sauti ikaanza kuzama, ikawa ya mtu anayeongea kutoka kisimani, ikawa ya mbu, ikaisha. Mama alizitoa betri, akaziuma kwa meno, akazisugua kwenye khanga, akabadilisha ya mbele kuwa ya nyuma. Hakuna kitu. Alitoa sauti moja ambayo sijaisikia tena kwa binadamu, akainuka, akakimbia.

Nyumba yenye redio iliyokuwa karibu ilikuwa ya Mzee Chande, ng’ambo ya mashamba mawili. Mama alikimbia pekupeku juu ya mabibo yanayoteleza, khanga ya juu ikamdondoka, hakuigeukia. Niliiokota nikamfuata, nikiomba kwa Mungu kwamba wimbo uwe mrefu. Tulipofika, Mzee Chande alikuwa kakaa barazani na mkewe, redio katikati yao, na kwenye redio walikuwa wameshaanza kupiga ngoma ya watu wa bara. Mama hakutoa hata shikamoo, yeye ambaye asingempita mzee huyo bila kupiga goti.

“Umechelewa, Mama Asha,” Mzee Chande alisema taratibu. “Umekwisha sasa hivi tu.”

“Wimbo umesemaje? Niambie umesemaje!”

Mzee alimwangalia mkewe, na mkewe akaangalia chini. Walikuwa wamelia wote wawili. “Unamwita mtoto,” alisema. “Kuna mahali unasema, Shabani, jua limepanda, nani kakufunika mpaka sasa? Hapo ndipo paliponishika. Mengine yamenipita, mama. Ngoma ikianza kwenda mtu husikiliza, hashiki.” Halafu, kwa kutaka kumfariji, akaongeza: “Ila ile ndiyo yenyewe. Hii inaliza.”

Wahenga walisema chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Nilikuwa nimeijua methali hiyo shuleni, nikaijibu kwenye mtihani nikapata alama, lakini siku ile ndiyo nilipoona sura yake. Tulirudi kwa kutembea. Njiani Mama alikuwa akirudia mstari ule mmoja bila kuuimba, anausema tu, akingoja wa pili uje wenyewe, na wa pili haukuja. Tulipofika nyumbani aliniuliza, wala si kwa ukali: “Asha, redio uliifungua?” Nikasema hapana. Neno lenyewe lilitoka jepesi mno. Basi akamgeukia Baba na kumwambia kaleta betri mbovu kutoka Nangurukuru, kwamba mtu anayemwacha mwanawe anyamaze kwa ajili ya betri si baba. Baba alisema, “Nilichukua nilizozikuta, Somoe,” akarudi kwenye korosho zake. Nilisimama mlangoni na khanga mkononi nikiwaangalia. Ningeweza kusema. Wiki nzima waliongea kwa kupitia mimi, mwambie mama yako, mwambie baba yako, nami nikabeba maneno yao huku na huku na langu nikalimeza. Watu wakimwita Bwana Viatu hakucheka tena.

Baba ndiye aliyepata wazo la barua. Alikwenda kwa mwalimu, wakaandika kurasa tatu, wakaeleza habari yote: mtoto, homa, kanda, betri. Waliandika jina la Shabani kwa herufi kubwa na kulipigia mstari ili lisipotee. Akaenda mwenyewe hadi Lindi kuituma, akarudi na betri mpya kwenye mfuko wa shati. Tulingoja Jumatano ya kwanza, ya pili, ya tatu. Korosho ziliisha mitini, mvua za kwanza zikanyesha, bado tunangoja. Jumatano ya sita mtangazaji alisema: “Tumepokea barua ndefu kutoka Kiranjeranje, wakiomba wimbo wa Bi Somoe. Ombi lenu limefika.” Baba aliniambia kwa sauti ya chini nisogee, nisikilize kwa masikio yote, nishike maneno. Nikasogea. Wakapiga ile.

Mama aliisikiliza hadi mwisho, unga uko wapi baba, na vigelegele vyake mwenyewe vya ujana. Kisha aliifungua redio nyuma, akazitoa zile betri mpya moja baada ya nyingine, akaniwekea mkononi zote nne. “Kachezee,” akasema. Sijui mpaka leo kama alijua. Nilizizika nyuma ya choo.

Siku hizi Kiranjeranje kuna umeme, na mimi naishi Lindi mjini, na simu yangu haijawahi kulala bila chaji. Ile imo kwenye simu. Vijana wameitia vinanda, na kwenye harusi inapigwa bibi harusi anapoingia, wala hawajui ni ya nani. Nimezitafuta zile nane humo kwa kila jina ninaloweza kubuni. Niliwahi kufunga safari hadi Dar es Salaam kuulizia, nikapokewa na kijana mpole aliyenitafutia kwa saa nzima, akaipata ile, akafurahi kwa niaba yangu. Kanda nyingine za enzi hizo, alisema, zingine ziliharibika, zingine zilirekodiwa vitu vingine juu yake. Zamani tulikuwa na wimbo bila betri. Sasa betri imejaa na wimbo haupo. Baba alifariki akiwa bado ndiye aliyenunua betri mbovu. Sikumwambia. Kila mwaka nilisema nitamwambia mwakani, na majuto yamekuwa mjukuu kweli, anakaa nami nyumbani.

Mama ninaye hapa. Kumbukumbu zinamwagika, polepole, kama nazi inayovuja. Zile nyimbo saba hazikumbuki, nikimwanzishia ananitazama kwa adabu kama mgeni. Ile anaikumbuka yote, anaiimba mchana kutwa na kugonga mkeka kwa kiganja. Mwezi uliopita nilimuuliza kuhusu Shabani. Akafikiri sana, akauliza, “Shabani yupi?” Nilitoka nje nikashika ukuta. Kwa hiyo sasa duniani kote kaka yangu ana mstari mmoja, na mstari huo uko kwangu mimi niliyeuzima wimbo wake.

Jumatano iliyopita, alasiri, nilikaa naye mkekani. Nilimshika mkono nikamwambia lile nililolimeza nikiwa na miaka tisa. Nilisema, “Mama, redio niliifungua mimi.”

Uso wake ukafunguka wote. Akajiweka vizuri, akapanga khanga yake, akaniegemea.

“Basi ongeza sauti, mwanangu,” akasema. “Sisikii.”