Mgeni Niliyempisha Kiti

Kila nikimaliza kuswali namwombea dua Bi Tatu, mpishi wa uji wa shule yetu, ingawa ndiye aliyeniumbua mbele ya walimu wote.

Nilikuwa nafundisha darasa la saba karibu na Ikwiriri, miaka ile magazeti mapya yalipoanza kumiminika kutoka Dar. Moja lilikuwa na ukurasa wa marafiki wa kalamu. Kwa kujiona mwalimu wa kisasa, nikapeleka jina, umri na picha ya Mwanahawa, mwanafunzi wangu hodari, pamoja na sanduku la posta la shule. Barua zilipokuja nilimkabidhi mimi mwenyewe, meno yote nje.

Siku moja akaja bwana mwenye mkoba wa ngozi, akamtaja Mwanahawa kwa jina kamili. Nikajua huyu ni mkaguzi kutoka wilayani. Kwetu mgeni haulizwi shida yake kabla hajanywa kitu, basi nikampisha kiti changu, nikamnunulia soda, nikaagiza mtoto aitwe.

Akaja Bi Tatu, mwiko mkononi.

“Mtoto yuko jikoni kwangu, analia. Amenisomea barua za huyu. Anamtaka gesti!”

Walimu wakaziba mlango.

“Nani kakupa jina la mtoto wetu?” Bi Tatu akamfokea.

Bwana akatoa ukurasa wa gazeti uliokunjwa. Bi Tatu hajui kusoma, akanipa mimi.

“Hebu tusomee, mwalimu, tumjue huyo mpumbavu.”

Nikasoma kwa sauti: imeletwa na mwalimu wake. Kisha majina yangu yote matatu.