Niliifanya package manager yetu itafute haraka, ikaanza kujibu "hakuna"

Wakuu, salamu kutoka Likasi.

Naandika polepole, uzi huu umenichukua siku tatu. Yote yaliyomo yamenitokea mimi mwenyewe, na mahali nisipoelewa nitasema sielewi.

Wengine mtakumbuka mwezi uliopita nilileta hapa uzi wa kujisifu kidogo. Nilisema nimepunguza muda wa kutafuta programu kwenye mashine zetu, kutoka dakika kadhaa mpaka chini ya sekunde moja. Mlinipongeza. Mkuu mmoja aliniita injinia. Neno hilo nililisoma mara nyingi, maana shule yangu iliishia darasa la sita.

Uzi ule ulikuwa na kosa. Naomba mnisikilize tena.

Kwa wasiojua: nafanya kazi kwa dada yangu mkubwa, yaya Odette. Ana secrétariat public, yaani kiduka cha kuchapa barua, kutoa fotokopi na kuweka programu kwenye laptop za watu. Tunatumia Linux. Huko huzunguki mtandaoni kutafuta programu. Kuna package manager, ambayo ni kama mtunza depo: unaiambia unachotaka, inakitafuta, inakileta, inakiweka mahali pake.

Internet yetu ni dhaifu, kwa hiyo depo nzima tumeinakili kwenye hard disk moja ya zamani. Script ya kutafuta humo, yaani programu ndogo ya maagizo, niliiandika mwenyewe.

Nayo ilikuwa nzito. Kila ukitafuta neno, ilifungua kila kifurushi cha programu, ikasoma jina lake, halafu maelezo yake yote, kimoja baada ya kingine. Diski inalia krr, krr. Mteja anapiga miayo. Siku nyingine umeme unakatika kabla jibu halijafika, tunaanza upya.

Yaya Odette alikuwa anawatania wateja: "Kaa tu, mama. Ile mashine imeenda Mwadingusha, kule kwenye bwawa la umeme, kuomba courant kwanza."

Basi nikapima. Nikaona karibu muda wote unaliwa na yale maelezo. Nikajiuliza, kwa nini isome hadithi ndefu hivyo wakati mwishoni inanionyesha jina tu? Nikaondoa sehemu hiyo. Ikabaki kusoma orodha ya majina peke yake.

Ikaruka!

Niliiweka kwenye mashine zote za dukani isipokuwa laptop ya yaya. Alikataa. "Weye, usiguse yangu. Yangu inachelewa, lakini tunajuana."

Hapo ndipo nilipoanza kuchanganyikiwa.

Mteja anasema shida yake, naandika neno, na kabla sijainua kidole jibu limetoka: Hakuna. Anayefuata, Hakuna. Nilidhani nakala ya depo imeharibika. Nikaikagua, mafaili yote yapo. Nikadhani labda watu wa mwezi huu wanataka vitu vya ajabu.

Na jambo ambalo mpaka leo silielewi vizuri: hakuna aliyelalamika. Zamani mashine ilipochelewa, watu waligomba. Sasa wanaambiwa hakuna, wanashukuru, wanaondoka. Jibu likija mbio watu wanaliamini. Hata mimi nililiamini.

Asubuhi moja akaingia mama mmoja na CD aliyoifunga kwenye kitambaa.

"Mutoto, hii njo picha ya mifupa ya bwana yangu. Kule hospitali, ordinateur yabo haifungue. Docteur wa Lubumbashi anarudia kwabo saa sita. Bila picha hawezi kusema kama mguu batakata ao batauacha."

Mume wake ni mchimbaji, udongo ulimwangukia. Hakusema alikuwa anachimba wapi, na sisi hatukuuliza.

Picha za namna hiyo zinataka programu yake maalum. Niliandika "radiographie". Hakuna. Nikajaribu maneno mengine mawili ya Kifaransa. Hakuna.

"Haiko, mama."

"Umetafuta muzuri?"

"Ndiyo, mama." Nilisema huku natazama keyboard.

Akaifunga tena CD yake. Akasema basi ataenda mwenyewe Lubumbashi, pale walipoipiga, akaombe picha ya karatasi, amfuate daktari hukohuko. Akatoka.

Yaya akaniuliza yule mama alitaka nini. Nikamwambia. Akaandika neno lilelile kwenye laptop yake, krr, krr, akaendelea na fotokopi zake. Baada ya muda mrefu akaniita.

"Kuya uone. Iko hapa."

Ilikuwapo kweli. Jina lake halifanani na mfupa wala hospitali, ni herufi tu zimepangwa. Lakini ndani ya maelezo imeandikwa kwamba inaonyesha picha za radiographie.

Wakuu, hapo ndipo nilipoelewa. Hapa kwetu hakuna mteja anayekuja na jina la programu. Anakuja na kazi anayotaka kuifanya. Majina hayajui, na mimi pia siyajui. Kazi imeandikwa kwenye maelezo, na maelezo ndiyo niliyoyatupa.

Nilikimbia mpaka penye magari ya Lubumbashi. Gari moja lilikuwa limejaa, linawashwa. Jina la yule mama sikulijua.

Mimi kusema mbele ya watu siwezi. Hata kanisani, zamu yangu ya ushuhuda ikifika, najificha chooni. Mara ya kwanza sauti haikutoka. Mara ya pili ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka:

"Mama wa CD!"

Kijana anayepakia abiria akanijibu: "Petit, hapa tunauzisha fasi ya kukaa, hatuuzishe CD!" Wakacheka wote. Lakini kichwa kimoja kikatokea dirishani.

"Mama, iko. Nilikosea. Iko."

Alishuka bila kuuliza kitu.

Picha ilifunguka kwenye laptop ya yaya. Mama akaweka kidole pale mfupa ulipovunjika, akakiacha hapo mpaka tulipomaliza kuchapa. Kisha akapanda pikipiki kwenda hospitali.

Siku hiyohiyo niliandika script upya. Sasa inasoma maelezo yote mara moja tu, depo inapobadilika, na kutengeneza faharasa: kila neno, na vifurushi vyenye neno hilo. Ukitafuta, inaangalia faharasa tu. Kasi yake inakaribia ile ya makosa. Hii nawashauri muichukue, ile ya uzi wa kwanza muitupe.

Wiki iliyofuata yule mama alirudi kutuambia. Alimkuta daktari ameshaingia kwenye gari. Daktari akashusha kioo, akaiinua karatasi kwenye jua, akasema mfupa unaunga, mguu ubaki.

Halafu mama akanigeukia. "Ile mara ya kwanza, ulitafuta fasi gani?"

"Kwa majina tu, mama."

"Basi ungeniambia vile. Ningekuambia utafute na fasi ingine."

Jioni nilifuta neno Hakuna kwenye script. Sasa inaandika: "Sijaona. Nimetafuta kwenye majina na maelezo ya depo hii."

Hilo ndilo nililojifunza: kabla ya kufurahia kasi, angalia umeacha kutafuta wapi, na umwambie anayengoja.

Bado jambo moja linanisumbua. Script inaweka kumbukumbu ya kila neno lililotafutwa. Nimezisoma za zile wiki mbili tulizotumia script ya makosa. Kuna mtu alitaka ya kuandika nyimbo za kwaya. Kuna aliyetaka ya kuchora nyumba. Kuna aliyetaka ya kumsomea kipofu kwa sauti. Nimeyatafuta yote upya, na hizo tatu zipo.

Maneno yamebaki, watu siwajui. Mngekuwa ninyi mngewatafutaje? Naomba maoni, hata ya kunikosoa.

Na kama uko Likasi, ukaambiwa hakuna na kijana asiyekutazama usoni, rudi. Tutatafuta tena.