Marcella na Vigae vya Kanisa

Kama hujamwona Marcella wa Kibugu akiongoza kwaya, hujui kuruka ni nini. Wiki nzima anachuma chai, lakini Jumapili, kiitikio kikifika, anaruka na kutua kwa miguu yote miwili, puu, na kanisa zima linapiga vigelegele. Mimi huimba nyuma yake, na vumbi lake nimelila miaka mingi.

Mwaka jana tuliondoa sakafu ya udongo, tukaweka vigae. Siku ya kuvizindua Marcella aliruka kama kawaida yake, tena kwa bidii zaidi maana askofu alikuwepo. Alipotua, nikasikia goti likilia. Mkaidi yule alimaliza wimbo akitabasamu, lakini kutoka nje ilibidi tumshike mikono.

Huko Embu daktari alimweleza kwamba ndani ya goti, ncha za mifupa zimefunikwa na gegedu, kitu laini kilichojaa maji. Ukikilemea polepole, maji yanasogea nacho kinabonyea, kama nduma iliyoiva ukiikandamiza kwa kiganja. Ukikigonga ghafla, maji hayapati nafasi ya kusogea, kinapasuka. Na kwa vile hakina mishipa ya damu, kupona kwake ni taabu. Udongo ulikuwa ukimpunguzia kishindo, vigae havikumhurumia. Kutembea ataendelea, chai atachuma, ila kuruka basi.

Marcella alilia, nami nikalia naye. Alisema bila kuruka yeye si kiongozi wa kwaya, ni mama tu aliyesimama mbele za watu. Alitaka kuacha kabisa. Nikamsihi aje Jumapili moja tu, na akishindwa, tutaacha wote wawili.

Akaja. Kiitikio kilipofika, nilishika roho mkononi. Marcella hakuruka. Alikunja magoti kidogo, polepole, akayumbisha mabega, akainuka polepole vilevile. Halafu kwenye benchi la nyuma akasimama bibi mzee, Shosho Wanjira, aliyeacha kwaya zamani kwa sababu ya magoti. Akaja mbele akiyumba kama Marcella, na nyuma yake wakafuata akina shosho wenzake wote, mabega yakienda, nyuso zinang'aa. Jamani, nilifurahi mpaka machozi.

Shosho Wanjira akamwegemea Marcella, akasema kwa sauti iliyofika madhabahuni, "Mwanangu, tumekungoja miaka yote hii uache kuruka, nasi tucheze."

Marcella alicheka hadi akasahau ubeti wa pili, ikabidi niuanze mimi.