Mama Gaël na Siasa za Malaysia

Kwa Victorine, habari za Malaysia zilitisha kuliko habari za Johannesburg. Alikaa Rosettenville kwa miaka mingi, akazoea milio ya usiku, akazoea polisi wanaosimamisha watu na kuuliza karatasi, akazoea maandamano ya kuwataka wageni waondoke. Hayo aliyajulia pa kupita. Lakini mtu akitaja serikali ya Kuala Lumpur, mkono wake uliacha kitambaa, na sindano ya cherehani ikabaki imezama katikati ya mshono.

Sababu ilikuwa mwanawe wa kwanza, Gaël. Alikuwa anasoma uchumi huko kwa msaada wa masomo, na angesoma kimya kimya kama watoto wa wengine, isingekuwa kalamu yake. Alikuwa na ukurasa kwenye mtandao. Juu kabisa aliandika kwamba hayo ni maoni yake binafsi tu kuhusu siasa za Malaysia, uchumi na namna ya kuwekeza. Kila Jumamosi aliweka jambo jipya. Aliandika kwa Kiingereza, na Kiingereza cha Victorine kilikuwa cha kupatana bei na kupanda teksi. Kwa hiyo Shekinah, binti yake aliyezaliwa hapahapa, ndiye aliyemsomea, asubuhi ya Jumapili kabla ya kanisa, akigeuza maneno kwa Kiswahili chake cha kuchechemea.

"Anasema serikali yao ni ya watu waliotukanana jana," Shekinah alisoma siku moja, mguu juu ya kochi. "Sasa wanakula sahani moja. Anasema itadumu, juu kila mmoja anaogopa uchaguzi kuliko anavyomwogopa mwenzake."

"Yesu wangu. Ameandika hivyo? Na jina lake liko?"

"Jina na picha, Mama. Amevaa ile shati uliyomshonea."

"Endelea."

"Anasema kupunguza bei ya petroli kwa kila mtu ni kumsaidia mwenye gari kubwa kwa pesa ya mtu asiye na baiskeli. Anasema waendelee kupunguza huo msaada, lakini waseme ukweli kwa wananchi. Halafu kuna mambo ya kuwekeza. Usinunue nyumba kwenye ghorofa ambazo jioni madirisha yake hayawaki taa."

"Hilo la madirisha ni zuri," Victorine alisema, na papo hapo akajishika mdomo, kama aliyesaini kitu.

Maana moyoni alikuwa anakubaliana naye. Hata hapa Afrika Kusini, baada ya uchaguzi, waliotukanana walikaa meza moja, na Victorine aliwatazama kwenye televisheni akasema mwenyewe kwamba hao wameunganishwa na woga. Alisikia fahari kwamba mtoto aliyemzaa Uvira, kule Congo, wakati wa kukimbia, alikuwa na jicho la kuona hivyo. Lakini fahari hiyo haikudumu hata dakika. Nyuma yake ilikuja kumbukumbu ya kaka yake Pacifique.

Pacifique alikuwa mwalimu. Jioni moja, kwenye redio ndogo ya Uvira, aliulizwa maoni yake kuhusu bei ya sukari na ushuru wa barabarani, naye akayatoa, kwa upole, hata akachekesha watu. Wiki hiyohiyo walikuja watu wawili wenye adabu, wakamwomba waongee naye kidogo. Mama yao aliweka chakula chake chini ya kifuniko. Mpaka leo hakuna aliyejua walikoenda kuongea.

"Malaysia siyo Congo," Gaël alimwambia kila alipopiga simu. "Wenyeji wanaandika makali kuliko yangu, Mama."

"Wenyeji wana mjomba polisi, wana shangazi mahakamani. Wewe una nani? Wewe ni mgeni. Mgeni akiulizwa chakula kikoje, anasema kitamu."

"Ninasomwa na watu thelathini, nao nusu ni darasa langu!"

"Pacifique alisikika mtaa mmoja tu," Victorine alisema.

Victorine alipanga gereji moja na Emérite, Mrundi msusi wa nywele. Yeye na cherehani yake walikaa upande wa dirisha, Emérite na viti vyake upande wa mlango. Emérite hakuwa mtu wa kubembeleza.

"Mama Gaël, leo waziri wa Malaysia amekula nini?" aliuliza, vidole vikiwa ndani ya kichwa cha mteja. "Tuambie, wewe ndiye balozi."

"Cheka. Siku yako inakuja."

"Wangu anauza chaja za simu pale kwenye robot, magari yakisimama taa nyekundu. Maoni yake ya siasa ni 'nunua, mama, nunua'. Nalala vizuri, mimi."

Wateja walicheka, na Victorine alicheka nao ili wasimwone. Lakini Gaël alipoandika kwamba karibuni angeomba upya kibali chake cha mwanafunzi, na Jumamosi iliyofuata akaandika makala ndefu kuliko zote, kuhusu vyama vinavyobadilisha marafiki kila msimu, Victorine hakuweza tena kula. Alijua lini mtu anakamatwa. Anakamatwa karatasi yake ikiwa mezani kwa mwenye muhuri.

Akaamua kumpelekea Mungu. Na Mungu, katika kanisa lao lililokuwa ghorofa ya juu ya jengo la zamani la maduka ya jumla katikati ya jiji, alifikiwa kupitia Mama Léocadie.

Mama Léocadie aliongoza waombezi. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti ya kuamsha jengo, na alikuwa na sheria yake: hakupokea ombi lililofunikwa. Watu wa makanisa mengine waliandika "ombi la siri" au "dada mmoja anahitaji mlango". Kwake ilikuwa haramu. Waombezi walitaka jina kamili, picha, na jambo lenyewe kama lilivyo, ili wanapofumba macho wamwone mtu. Walikuwa na kundi lao kwenye simu, na kila mwombezi alikuwa na wajibu wa kulipeleka ombi kwa waombezi wengine anaowajua, ili maombi yasikatike. Mtu alikuwa akipumzika Johannesburg, mwingine anapiga magoti Lubumbashi.

"Nataka tu Bwana amfunge mdomo," Victorine alimwambia kando ya ngazi. "Amfunge taratibu. Asiumie."

"Tutamfunga," Mama Léocadie alijibu. "Lete picha. Na hayo anayoandika, yalete, tuombe kwa akili. Hatupigi ngumi hewani."

Victorine aliketi kwenye benchi la nyuma, akatuma picha ya Gaël katika shati la shingo ya duara, akatuma na anwani ya ukurasa, kisha akabonyeza alama ya kurekodi na kusema kwa sauti ya chini: "Waombezi wapendwa, mwanangu Gaël yuko Malaysia, anaongea siasa za watu. Naogopa watamkamata. Mnisaidie." Aliposhuka ngazi alijisikia mwepesi, kama aliyeweka ndoo ya maji chini.

Wepesi huo ulikaa naye mpaka Jumanne. Asubuhi hiyo wifi yake alipiga simu kutoka Uvira akilia kwa sauti ya msibani.

"Mbona mmetuficha? Mtoto amekamatwa na nyinyi mmenyamaza?"

"Mtoto gani?"

"Gaël! Picha yake iko kila mahali. Wanasema yuko gerezani Malaysia kwa ajili ya siasa, mama yake amezimia, tufunge na kuomba!"

Victorine alishika ukingo wa cherehani. Emérite alimwekea kiti kutoka upande wa mlango, akamnyang'anya simu na kutazama. Picha ilikuwa ileile. Sauti yake mwenyewe ilikuwepo, lakini imekatwa. Ilianza kwenye "watamkamata", na chini yake watu walikuwa wameongeza maneno, kila mmoja la kwake. Mwombezi wa Durban aliandika amekamatwa. Wa Kigali akaandika gereza. Mtu wa Lubumbashi, ambaye hakuna aliyemjua, aliweka namba ya simu ya chuo cha Gaël, ili watoto wa Mungu wapige wadai aachiwe.

"Eish," Emérite alisema polepole, na kwa mara ya kwanza hakuwa na mzaha. "Mama Gaël. Ukurasa wake ulisomwa na watu thelathini. Angalia sasa."

Victorine hakuangalia. Alikwishaelewa. Mwanawe alikuwa amekaa kwenye kona yake ndogo, haonekani, na yeye mama mtu ndiye aliyemtoa na kumsimamisha sokoni.

Simu ikalia tena. Ilikuwa Gaël.

"Mama, umefanya nini?" Hakupaza sauti, na hilo lilimtisha zaidi. "Wanawake wanapiga chuoni wanalia kwa Kifaransa. Nimeitwa ofisi ya wanafunzi wageni. Niko mlangoni."

"Usiingie! Mwanangu, usiingie, sema unaumwa, nenda..."

"Niende wapi? Nikitoka nakupigia."

Ilikuwa saa tatu asubuhi Rosettenville, kule kwao ni alasiri. Victorine alikaa na simu mapajani. Mteja alikuja kuchukua sare ya mtoto, akamtazama usoni, akaondoka bila kuuliza. Emérite aliwarudisha wateja wake, akachemsha chai, ikapoa. Victorine aliona watu wawili wenye adabu wakimwomba mwanawe waongee kidogo. Aliwavalisha nguo za kila aina, lakini nyuso zao hazikuja. Alijaribu kuomba, akakuta hawezi. Aliogopa hata Mungu angelipeleka ombi kwa wengine.

Gaël alipopiga, alipokea kabla simu haijamaliza mlio wa kwanza.

"Nimetoka, Mama. Niko sawa."

Victorine alilia mpaka Emérite akaishika simu ili mtoto asikate.

"Ni mama mmoja mpole tu," Gaël alieleza. "Aliniuliza kama nina njaa, kama nina matatizo nyumbani. Halafu akafungua ukurasa, akausoma mbele yangu, wote. Akasema hakuna sheria niliyovunja kwa jinsi anavyoona yeye. Lakini kibali changu kinaangaliwa mwezi huu, na jina langu sasa linajulikana. Akasema nifikirie mwenyewe. Sasa nakuuliza wewe. Nifute?"

Ndicho kitu alichokuwa amekiomba kwa waombezi wa nchi nyingi, na sasa kilikuwa mkononi mwake, kinasubiri neno moja.

"Futa," alisema.

Akafuta. Jumamosi ikaja, Shekinah akafungua mahali pa ukurasa, pakawa peupe. Kibali kilitoka baadaye, bila swali. Mama Léocadie alitoa ushuhuda kanisani kwamba mdomo umefungwa, na watu wakapiga makofi, na Victorine akasimama akapunga kitambaa kama inavyotakiwa.

Lakini Gaël alikuwa amefunga mdomo hata kwake. Alipiga simu, akasema anakula, anasoma, hali ya hewa ni mvua. "Kila kitu kitamu, Mama." Sauti ilikuwa ya mgeni mwenye adabu. Victorine alilala akiisikia. Zamani, akimsikiliza anavyowasema mawaziri, alijua kama amelala vizuri, kama ana hasira, kama amependa. Sasa hakujua lolote. Hofu ilikuwa imerudi, na safari hii haikuwa na watu wawili wala gereza. Ilikuwa na mtoto aliye hai na asiyesema.

Mchana mmoja aliinua mguu kwenye cherehani, akasimama, akafunga mlango wa gereji na komeo.

"Kuna nini?" Emérite aliuliza.

"Nataka kuongea siasa."

Alipiga. Hakumpa nafasi ya kusema habari za mvua.

"Gaël, nimenunua mawese mjini, chupa inasema yametoka Malaysia. Mbegu zao zilitoka huku kwetu Afrika, na sasa wanatuuzia! Ulisema mtu awekeze kwenye kampuni zao za mawese. Mimi nakataa. Mtu anunue shamba, alikanyage. Na hiyo serikali yako ya waoga haitadumu, ulikosea. Woga hauunganishi watu muda mrefu. Mimi najua woga kuliko wewe."

Victorine alibana simu sikioni kwa mikono miwili.

"Mama," Gaël alisema, "nani anasikia?"

"Emérite peke yake, na yeye anajifanya anachana wigi. Sema."

Alimsikia akivuta kiti, akikaa.

"Kwanza kabisa," mwanawe alianza, na sauti ilikuwa na ukali wake wa zamani, "kuhusu shamba, hujui unachosema."

Victorine aliketi sakafuni, mgongo kwenye mlango uliofungwa, akamsikiliza anavyomkosoa.