Yule Niliyemtaja Kwenye Uchungu

Wapo watakaosema nilikuwa na homa ya uzazi, na kwamba mwanamke aliyetoka kuzaa anaona mambo. Waseme. Mama mkwe wangu hakuwa na homa yoyote, na yeye alimwona yule mtu kabla yangu, maana ndiye aliyemfungulia mlango. Ninayokusimulia yalinipata mimi mwenyewe, na sitaficha kitu isipokuwa jina moja. Sababu yake utaielewa.

Ilikuwa miaka ya Zaire. Tulikaa Keshero, mtaa wa pembezoni mwa mji, katika nyumba ya mbao iliyosimama juu ya mawe ya volkano. Mimi ni Mnande wa Butembo, mume wangu kwao ni Masisi. Alikuwa dereva wa lori, anapeleka chumvi na sabuni Butembo na kurudi na maharagwe. Mvua za mwaka ule ziliharibu barabara vibaya, lori lake likakwama njiani, na hakuna aliyejua limekwama wapi. Basi nikabaki na mimba yangu ya kwanza na mama yake. Mama huyo hakunipenda. Hakunitukana hata siku moja, lakini aliniangalia kama mgeni aliyesahau kuaga.

Uchungu ulinianza Ijumaa jioni. Mimi nilidhani kuzaa ni vile walivyokuwa wakisimulia shangazi zangu: unaumia, unasukuma, unaletewa uji. Nani aliniambia ukweli? Hakuna. Usiku kucha nilitambaa sakafuni, nikauma kanga, nikamwita mama yangu aliyekuwa mbali sana. Asubuhi nikaomba nipelekwe maternite, hospitali ya wazazi. Lakini ilikuwa Jumamosi, siku ya salongo, ile kazi ya lazima ya serikali. Watu wote walikuwa barabarani na majembe na mafagio, na gari halipiti mpaka iishe. Mama mkwe akasema tungoje. Salongo ikaisha, vijana wakapita na machukudu yao, yale magari ya mbao ya kusukuma mizigo, nikamwambia hata chukudu inanitosha. Akajibu kwamba mjukuu wake wa kwanza hatasukumwa barabarani kama gunia la viazi. Akaenda kumwita jirani yetu, Mama Furaha, aliyezoea kuzalisha wanawake wa mtaa.

Mama Furaha akanipima, akamvuta mama mkwe mkono. Wakatoka nje wote wawili kuongea, na waliporudi hawakuniangalia tena kama mgonjwa. Unajua wazee walichofikiri zamani zile mtoto akikataa kutoka? Kwao Masisi na kwetu Butembo ilikuwa ile ile. Walisema mama amefunga siri tumboni. Yuko mwanaume mwingine, na mtoto hatapita mpaka huyo mwanaume atajwe kwa jina.

"Taja jina yake," mama mkwe akaniambia. "Ukinyamaza, mutoto atakufa, na weye utakufa."

Nikaapa kwa Bikira Maria. Nikaapa kwa kaburi la baba yangu. Sikuwa nimemjua mwanaume mwingine, na Mungu ni shahidi wangu. Hawakuamini. Wakaacha kunifuta jasho, wakaacha kunipa maji, wakakaa mmoja huku na mmoja kule wakinisubiri. Uchungu unakuja, wananiuliza. Unaondoka, wananiuliza. Nilikuwa peke yangu kabisa katika nyumba yenye watu, na kilichonitisha zaidi ni kwamba nilianza kuwaamini. Nilianza kufikiri kweli mtoto wangu anakufa kwa sababu ya mdomo wangu uliofungwa.

Alasiri Mama Furaha akaweka sikio juu ya tumbo langu, akasema mapigo ya mtoto ameyasikia kwa shida. Hapo nikavunjika. Nikataja jina.

Jina la nani? La hakuna mtu. Nililitunga pale pale, sauti ya kwanza iliyokuja mdomoni, jina ambalo sijawahi kusikia mtu akiitwa. Ndilo hilo sitakuambia.

Unafikiri walitosheka? Mama mkwe alitaka kujua kama namdanganya. Anatoka wapi? Nikasema mbele ya Mugunga, maana wakati ule kule kulikuwa na mawe matupu na hakuna mtu ambaye angeenda kuulizia. Yuko namna gani? Mrefu. Na nini tena? Ana kovu juu ya jicho. Anavaa nini? Koti refu la kahawia. Na sasa niamini ninalokuambia: kila nilipojibu, mtoto alishuka. Nilipotaja kovu, nilimsikia akigeuka. Nilipotaja koti, kichwa kikatoka. Binti yangu akaja akiwa wa buluu na kimya, halafu akalia.

Nililia naye kwa furaha. Lakini nikauona uso wa mama mkwe. Alikataa kumpokea. Alisema mtoto huyu angoje watu wake.

Na walikuja. Alikuja mmoja, mchana, mvua ikinyesha, kitovu cha mtoto kikiwa bado hakijadondoka. Akabisha hodi kwa adabu. Mama mkwe akafungua, kisha nikamwona akirudi nyuma, akirudi tu, mpaka mgongo wake ukagusa ukuta. Mtu mrefu aliinama ili apite mlangoni. Kovu juu ya jicho. Koti refu la kahawia.

"Muliniita," akasema. "Nimekuja kubeba mutoto wangu."

Nitakuelezaje? Urefu wake, kovu, koti, hivyo niliviona kama ninavyokuona wewe. Vingine havikuwepo. Nilimwangalia mdomoni alipokuwa akiongea, na mpaka leo siwezi kukuambia kama mdomo ulikuwa mkubwa au mdogo, wala kama palikuwa na mdomo. Akaja mpaka kitandani. Akainama juu ya binti yangu, mikono ya koti ikaburuzika juu ya blanketi, mitupu. Akajaribu kumwinua, akashindwa. Akajaribu tena.

"Hamukunipa mikono," akasema, bila hasira. "Museme tu iko namna gani. Nimubebe, niende."

Nilimvuta mtoto kifuani. Nilitaka kupiga kelele, sauti ikakataa. Yule mtu akamgeukia mama mkwe na kuanza kumuuliza, polepole. Mikono ni mirefu? Ni ya mtu wa kulima? Vidole vikoje? Kila akiuliza, anasogea. Alimuuliza vile vile mama mkwe alivyoniuliza mimi.

"Taja, mama," akasema. "Ukinyamaza, mutoto atakufa."

Na kweli binti yangu akaanza kulegea. Ziwa likamtoka mdomoni. Midomo yake ikarudia ile buluu. Niliona mdomo wa mama mkwe ukifunguka, nikajua yuko karibu kusema. Usimlaumu. Hata mimi nilikuwa nayo ulimini, hiyo mikono: mirefu, myeusi, yenye nguvu. Nilikuwa tayari kumpa yule kiumbe mikono ili tu mtoto wangu apumue, na angepumua akiwa ameshachukuliwa. Umewahi kusimama mahali ambapo kusema ni kifo na kunyamaza ni kifo? Mimi nilisimama hapo mara mbili ndani ya juma moja.

Ndipo nikapata sauti kidogo. Nikamwambia, "Mama, sema ukweli. Ndiyo hiyo tu imebaki."

Mama yule, ambaye sikuwahi kumsikia akimwomba mtu msamaha, akatoka ukutani. Alikuwa analia. Akasimama kati ya yule mtu na kitanda.

"Hakuna mutu kama weye," akamwambia. "Alikutunga juu miye nilimulazimisha. Huyu mutoto ni wa mwana wangu."

Yule mtu akaacha kusogea. Sijui kama aliudhika, uso wake haukuwa na kitu cha kuonyesha. Kisha akainama, akapita mlangoni, akaifuata barabara ya Sake chini ya mvua. Binti yangu akalia kwa nguvu na kutafuta ziwa.

Jioni ile mama mkwe alimwogesha mtoto kwa mkono wake. Mume wangu aliporudi, mama mkwe alimweleza yote, hakuficha hata neno moja, na mume wangu alimwamini mama yake. Nyumbani kwetu yakaisha.

Nje hayakuisha. Mama Furaha alikuwa ameshapeleka habari Keshero nzima, na unajua habari ikipita kwa watu hairudi ilivyokuwa. Huyu akasema mwanaume wangu anavaa kofia. Yule akasema amemwona Sake, anatembea na fimbo. Nilikwenda nyumba kwa nyumba nikiwaomba wamwache kama alivyo, wasiseme zaidi. Walicheka. Waliona ni aibu ya mwanamke aliyekamatwa. Tukahama, tukaenda Butembo.

Miaka ikapita, Zaire yenyewe ikaisha jina, binti yangu akawa mtu mzima. Siku moja sokoni nilikaa karibu na mama mmoja wa Kibumba aliyeleta kabichi. Akawa anasimulia safari zake za zamani, akamtaja mtu mmoja waliyekutana naye njiani wakati wa mvua. Mrefu, ana kovu juu ya jicho, koti la kahawia. Mtu mwema, akasema, alimshikia mtoto wake mchanga alipokuwa anafunga mzigo.

Nikamuuliza alimshika vipi.

"Na mikono, mama," akanijibu. "Na nini tena?"

Nikamuuliza mtoto huyo yuko wapi sasa. Akaweka kabichi chini. Akajifuta macho na kanga, na mimi sikuwa na ujasiri wa kuuliza mara ya pili.

Kwa hiyo nakuomba, wewe unayenisikiliza. Ukimkuta mwanamke kwenye uchungu, mpe maji, mshike mgongo, mtafutie daktari, na usimdai jina la mtu yeyote. Na ukikisimulia kisa hiki, kisimulie kama nilivyokuambia, usimwongezee yule mtu hata viatu. Wengine wameshampa vya kutosha.