Wenyewe wa Bustani ya Mama

Mvua ya kwanza ikigonga udongo mkavu, mimi huacha chochote nilicho nacho mkononi. Sufuria iungue, mgeni asubiri, kuku waingie jikoni wale watakacho. Hutoka nje nikasimama na kuvuta ile harufu mpaka kifua kijae, na watoto wangu wamezoea kunicheka kwamba mama yao hulewa vumbi. Wacheke tu. Pua yangu wakati huo haiko hapa Busia ninapokaa. Iko Kirewa, nyumbani kwa baba, siku zile za Mwingereza, mbele ya kipande cha ardhi ambacho majirani walikuwa hawaishi kukisema.

Kirewa watu walilima vitu vya kueleweka: wimbi, simsim, mihogo, na pamba ambayo chifu alitaka aione katika kila shamba. Mama alilima hivyo vyote, tena vizuri. Lakini mbele ya nyumba yetu ya nyasi, pale ambapo wenzake walianika nafaka, yeye alikuwa na bustani ya maua. Mbegu nyingine alipewa na wanawake wa misheni. Nyingine alizichuma kwenye maua ya stesheni ya Tororo siku baba alipompeleka kuona treni, na sijui kama aliomba ruhusa.

Shangazi Athieno, dada yake baba, ambaye boma lake lilipakana na letu, hakuweza kupita hapo mdomo ukafungwa.

"Wifi," aliita kwa Kiswahili chetu cha mpakani, "sisi nalima pamba, wewe nalima rangi. Leo hii tunachemsha na simsim ama na chumvi tu?"

"Na chumvi," mama alijibu. "Simsim iko ya wageni."

Lazima niwaambie kwa nini Kiswahili. Mama alikuwa Msamia kutoka ng'ambo ya mto Sio, upande wa Kenya. Baba alikuwa mtu wa Padhola, upande wa Uganda. Walikutana huko kwao mama, baba alipokwenda kufanya kazi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, na lugha pekee waliyokuwa nayo wote wawili ilikuwa Kiswahili. Walichumbiana kwa Kiswahili, wakagombana kwa Kiswahili. Kidhopadhola mama alijifunza baadaye, cha sokoni na cha kanisani, lakini mambo ya moyoni aliyasema kwa ile lugha waliyoanza nayo.

Bustani hiyo, jamani, nitaielezaje? Mvua zikikolea kulikuwa na ya manjano yenye harufu kali ambayo mbuzi hawakuyataka. Kulikuwa na mekundu marefu yenye majani mapana, yaliyonipita kimo. Kulikuwa na mengine yaliyolala mchana kutwa, yakafunguka jioni mama alipokuwa akiwasha moto, na mimi niliamini kwamba yalikuwa yanasubiri moshi. Nilikaa katikati yake nyuki wakinizunguka, nikaona dunia imefanywa kwa ajili yangu.

Lakini hayo yote yalikuwa yakifuata nyuma. Kwanza kabisa, kabla jani lolote halijatokea, walikuja wekundu. Kiangazi kizima sehemu yao huwa udongo mtupu, mgumu, uliofagiliwa. Halafu mvua moja au mbili, na asubuhi unakuta ardhi imepasuka, na kijiti kinene kimesimama, na juu yake mpira mwekundu wa nyuzi nyembamba, mkubwa kuliko kichwa cha mtoto mchanga, kila uzi una chembe ya manjano kwenye ncha. Hauna majani. Umetoka tu chini, mzima, tayari. Ilikuwa miwili, bega kwa bega, kila mwaka mahali palepale. Maua mengine mama aliyaita maua. Hiyo miwili hakuiita hivyo. Alisimama mlangoni akasema, "Wenyewe wamefika," na siku hiyo hakwenda shamba mapema.

Mimi ni Akello. Kwetu jina hilo ni la msichana aliyezaliwa akifuata pacha, kwa hiyo kila aliyelisikia alijua nyumbani kuna Opio na Odongo walionitangulia, na kila mmoja aliuliza, "Pacha wako wapi?" Mimi sikuwahi kuwaona. Nilikuwa mtoto pekee bomani, nikicheza na kuku na kuzungumza na nyuki. Siku moja nilimwuliza mama, akiwa anapepeta wimbi. Hakuinua uso.

"Wamevuka," alisema.

Sasa jiwekeni mahali pangu. Sisi ni watu wa mpakani. Shangazi alivuka kuuza kuku. Mjomba alivuka kuja kututembelea, akavuka tena kurudi. Baba mwenyewe alivuka akafanya kazi, akarudi na mke. Kuvuka kulikuwa kwenda Kenya, na aliyevuka alirudi, mara nyingi na sukari. Nilifurahi kupita kiasi. Kumbe nina kaka wawili, wakubwa, wenye mgongo wa kunibeba, na wako tu ng'ambo ya mto wanafanya shughuli zao! Tangu hapo sikujali tena kucheza peke yangu. Nilikuwa nasubiri.

Mwaka mmoja pamba ilitoka vizuri, na baba akaleta mabati kutoka duka la Mhindi huko Tororo. Aliyapanga chini ya ghala, yakang'aa mpaka kuku wakaogopa kupita. Alitaka nyumba inayotazama barabara, ili hata wanaokwenda Mwello wageuze shingo. Ilikuwa kiangazi kikali. Mama alipokwenda kisimani, baba alichukua vigingi na kamba, akaanza kupima msingi, na msingi huo, ili nyumba ikae sawa na barabara, ulipita katikati ya bustani. Nisimlaumu. Alichokuwa anaona ni udongo mtupu na mabua makavu. Maua yangepandwa kwingine. Mimi nilishika ncha ya kamba, nikajiona fundi.

Alikuwa ameshapiga jembe mara kadhaa mama alipotokea na mtungi kichwani. Aliutua chini taratibu, maji hayakumwagika.

"Baba Akello, hapa usichimbe."

"Kwa nini? Hapa iko nini?"

 Mama alipiga magoti pale jembe lilipoingia, akafukua kwa vidole, akatoa kitu mfano wa kitunguu kikubwa. Jembe lilikuwa limekikata ubavuni, na utomvu ulikuwa unatoka. Alikishika kwa mikono miwili. Sikupata kumwona mama akiogopa kabla ya hapo, wala nyoka hakumwogopesha.

"Watoto wako wamevuka," alisema. "Iko hapa."

Baba alisimama na jembe lake. 

"Mto nakataa siku ile," alisema mwishowe, kwa sauti ndogo.

"Siku ile. Baadaye mimi navusha."

Hayo ndiyo maneno yote waliyosema. Mama alikirudisha kile kitu shimoni, akakifunika, akakipapasa juu. Baba aling'oa vigingi kimoja baada ya kingine, akaikunja kamba, akaenda kusimama kwa ng'ombe akitupa mgongo. Na mimi? Mimi nilikuwa nimesikia jambo moja tu: kaka zangu wamevuka! Wako hapa! Nilichungulia chini ya ghala. Nikachungulia nyuma ya mabati. Nikaona wamejificha, kwa sababu hata mimi ningekuwa na mdogo wangu ningejificha ili anitafute.

Nikaanza maandalizi. Nilifagia njia mpaka barabarani. Jioni nilichukua karanga zangu za kukaanga, nikaziweka kwenye kibuyu kidogo bustanini, pale mama alipofukia. Asubuhi karanga hazikuwapo, maganda yametapakaa. Niliruka nikapiga vigelegele. Shangazi Athieno aliposikia furaha yangu alisema kwamba panya wa boma hili wanalelewa vizuri kuliko watoto wa chifu, lakini shangazi alikuwa na maneno kwa kila kitu, sikumjali.

Hivyo tukawa tunasubiri, mimi na mama, bila kuambiana. Mimi nilitazama njia. Yeye alitazama ardhi. Alikuwa akienda pale kila asubuhi, akiinama, akiondoka. Wasiwasi wake niliuona ila sikuujua jina. Nyumba nayo haikujengwa, na shangazi alitaka sababu.

"Nangoja mvua," baba alimwambia.

"Mabati nangoja mvua? Kaka, mvua ndiyo nangoja mabati!"

Kiangazi kiliendelea mpaka mihogo ikanyong'onyea. Kisha alasiri moja upepo ulikuja na ile harufu, na matone makubwa yakaanza kupiga mabati chini ya ghala kwa kishindo ambacho bomani kwetu hatukuwahi kukisikia. Nilicheka. Nilipogeuka nilimwona mama amesimama katikati ya bustani, nguo zimemganda mwilini, hataki kuingia ndani.

Mmoja alitoka. Ule mpira mwekundu ulisimama peke yake kwenye udongo mweusi, na ulipendeza kama kawaida yake, lakini mama hakusema wamefika. Alipapasa ardhi ya kando yake, ile iliyopigwa jembe. Mvua zikazidi. Majani mengine yakachipua. Ule mmoja ukaanza kufifia nyuzi. Baba akawa naye anapita pale kabla ya kwenda shamba, akijifanya anatazama ua wa miiba. Nyumba nzima ilikuwa imeshikilia pumzi, na mimi nikashikilia pia ingawa sikujua kwa nini.

Mpaka asubuhi ile. Niliamshwa na sauti ya mama, si kelele, ni ile sauti ya mtu aliyepokea mgeni wa mbali.

"Wenyewe wamefika!"

Nilitoka mbio. Wa pili ulikuwa umesimama. Ulikuwa mdogo kuliko mwenzake, umeinama kidogo upande wa kovu lake, lakini ulikuwa mwekundu, mwekundu kuliko nguo ya padri siku ya Pentekoste, na matone ya mvua yalikuwa yamekaa kwenye kila uzi. Jua lilipougusa niliona haya kuutazama. Ardhi imekatwa kwa chuma, imekauka miezi yote ile, kisha inatoa kitu hiki! Nimeona mengi baada ya hapo, nimeona hata bahari, lakini kushangaa kule sijakupata tena.

Baba alikuja nyuma yetu. Alivua kofia, kofia yake ya kanisani na ya kwa chifu, ambayo hakuivua kwa ajili ya mtu ovyo. Akainama.

"Opio," alisema. "Odongo. Mmevuka salama?"

Niligeuka haraka kutazama njia. Hapakuwa na mtu.

"Wako wapi?" niliuliza. "Baba, wako wapi?"

 Alininyanyua akaniweka mabegani, nikaona maua yale kutoka juu, na uso wake sikuuona. Nilikasirika, nakiri, kwa sababu watu wazima walikuwa wamesalimu maua na kuwaacha kaka zangu mafichoni. Lakini hasira haikukaa. Vile vyekundu viwili vilikuwa vizuri mno.

Nyumba ilijengwa mwaka huohuo, imepinda. Baba aliisogeza kando ya bustani, ikatazama barabara kwa bega. Waliopita waligeuza shingo kama alivyotaka, ila waligeuza kwa kuuliza fundi alikunywa nini. Baba alicheka nao. Hakuwaeleza.

Nilikuwa mwanamke mzima bibi yangu wa ng'ambo alipofariki, nikavuka Sio na mama kwenda kumzika. Baada ya watu kutawanyika alinishika mkono akanipeleka nyuma ya nyumba. Palikuwa na vituta viwili vidogo, na juu yake, kwa kuwa mvua zilikuwa zimeanza, wale wekundu wamejaa tele. Hapo ndipo aliponiambia. Surua iliwachukua wote wawili, siku za mafuriko, wao wakiishi huko kwa ajili ya kazi ya baba. Mto ulikuwa umefura, hakuna aliyethubutu kuvuka na maiti wa watoto. Wakazikwa kwa wajomba, mbali na boma la baba yao, na kwetu hilo ni donda. Msimu uliofuata maua yakaota juu yao yenyewe. Mama akachimba moja kutoka kila kaburi, na udongo wake, akarudi nayo Kirewa.

"Uliyabebaje?" nilimwuliza.

"Mgongoni," alisema. "Kwa nguo yao."

Miaka yote nikiwa nimekua nilidhani mama aliniambia "wamevuka" kwa sababu hakutaka kulitaja neno lenyewe mbele ya mtoto. Nilidhani alinifunika macho. Kumbe alinipa jibu la kweli, neno kwa neno. Aliwavusha. Mimi niliyefagia njia na kuweka karanga sikuwa mjinga sana. Kaka zangu walikuwa wamerudi kweli, na nilikuwa nawawekea chakula mahali penyewe.

Nilipoolewa baadaye huku Busia nilichimba vitunguu viwili bustanini kwa mama. Wakwe zangu waliona ajabu bibi harusi anakuja na mzigo mgongoni umefungwa kama mtoto. Sasa wamezaana, wamekuwa ukoo mzima, na siwezi kuwatambua yupi Opio yupi Odongo. Jana mvua ilinyesha, leo wamesimama. Nimewasalimu wote kwa majina yale mawili, nikawauliza kama wamevuka salama. Halafu nikawawekea karanga, ingawa panya wa hapa nawajua vizuri.